Naomba ushauri: Apache ya kwenye kompyuta na urukaji wa kweli
Ndugu zangu, kwa miezi minane sasa nimekuwa nikijifunza kurusha helikopta ya mashambulizi aina ya AH-64D Apache kwenye programu ya kuiga urukaji, na ninaomba ushauri wa waliowahi kurusha helikopta ya kweli.

Kinachonishinda zaidi ni kuelea mahali pamoja karibu na ardhi: nikiinua wenzo wa mkono wa kushoto, ule wa kuipandisha na kuishusha helikopta, pua hugeukia kulia, nami huchelewa kukanyaga pedali ya kushoto mpaka helikopta imeshapotoka. Rubani wa kweli huhisi mgeuko huo mwilini, akiwa kitini, ilhali mimi nina kioo tu cha kutazama, na sidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Vilevile, nikishuka kwa kasi huku mwendo wa mbele ukiwa mdogo, mapanga yanayozunguka juu ya helikopta huzama katika hewa yaliyoivuruga yenyewe, na kuongeza nguvu hakunisaidii mpaka nisukume pua mbele.

Je, mazoezi haya yatanijengea mazoea mabaya yatakayonisumbua nitakapoanza masomo ya urubani katika helikopta ndogo ya kiraia, au ninunue kwanza pedali bora ndipo niendelee?