Nitapata wapi sababu yangu mwenyewe ya kuacha sigara?

Swali: Nimevuta sigara kwa miaka 14, na ingawa madhara yake nayajua vyema, kila ninapojaribu kuacha ili kuwaridhisha wengine, siku ya tatu hunikuta nikitafuta kiberiti. Wenzangu mlianzia wapi?

Jibu la kwanza: Binti yangu aligeuza uso nilipotaka kumbusu. Niliyaandika hayo kwenye kikaratasi, nikakitia ndani ya pakiti, mahali pa sigara ya mwisho.

Jibu la pili: Siku ya tatu si udhaifu wako, kwani uchu wa nikotini huwa mkali zaidi siku hizo za mwanzo, kisha hupungua polepole.

Muulizaji: Nashukuru. Kikaratasi changu kitaanza na ngazi, ambazo siku hizi hunikata pumzi.