MRI inasema uvimbe wa mama "hauwaki", bado kuna haja ya bayopsi (kukata kinyama cha kupima)?

Kibe wa Tegeta: Wakuu kwema? Naombeni ushauri, wiki ya pili hii sipati usingizi. Mama ana miaka 61, alianza kusahau sahau tukajua uzee tu, mara akaanguka kifafa jikoni. MRI imeonyesha doa ndani kabisa ya ubongo, ripoti inasema hata alivyochomwa dawa ya rangi linawaka kwa mbali sana, limfoma (kansa ya seli za kinga) inayokua taratibu nayo ifikiriwe. Nilivyosoma mimi limfoma ya ubongo inawaka kama taa, sasa isiyowaka si ina maana sio kansa?

Mama Zuu: Pole mwanangu. Shangazi yangu kichwa kilimsumbua miaka 3 kumbe jino.

Mtu Pori: Punguzeni chipsi jamani.

Chumba cha Giza: Mkuu mimi nafanya kazi ya picha. Ile limfoma kali inaharibu kizuizi cha mishipa ya ubongo, dawa ya rangi inavuja, ndio unaona nyeupe pee. Zile za taratibu ni adimu kweli, nyingi haziwaki au zinawaka mabaka mabaka, na kuna zinazokaa kwenye utando wa ubongo zinawaka vizuri tu mpaka unaapa ni meninjioma, ule uvimbe wa utando ambao mara nyingi sio kansa. Kwa hiyo kutowaka sio cheti cha uzima. Kabla ya picha alikuwa anatumia dawa gani?

Kibe wa Tegeta: Za kawaida tu.

Chumba cha Giza: Zitaje.

Kibe wa Tegeta: Haya, deksa (deksamethasoni), ile steroidi ya kushusha uvimbe. Siku ya 12 leo, picha ilikuwa siku ya 9. Jirani yetu nesi ndio alitushauri na imemsaidia, kichwa kimeacha, anacheka. Bayopsi nishaahirisha, nimtoboe mama fuvu kwa ajili ya nini wakati anapona?

Mtu Pori: Huyo jirani anafanya na upasuaji?

Chumba cha Giza: Hapo ndipo penyewe. Deksa inaua seli za limfoma na inaziba kule kuvuja, uvimbe unanywea halafu unarudi. Inawezekana hiyo ni ile kali, imezimwa tu, na bayopsi ya sasa inaweza kutoka bila jibu. Usimkatishie ghafla, waambie madaktari wake leo wakupe utaratibu wa kuipunguza. Picha ya kabla ya deksa ipo?

Bint Chumbageni: Ngojeni kwanza. Mwezi wa nne kwenye uzi wa kiwanja huyu alisema mama yake alishatangulia mbele za haki. Tunapigwa hapa.

Mtu Pori: Duh, chai ya maziwa!

Kibe wa Tegeta: Yule mzazi, huyu mama mdogo kanilea tangu darasa la pili, nimwiteje? Mkuu wa picha, ipo CT ya siku ile ya kifafa, haikuwa na dawa ya rangi, iko Iringa kwa baba mdogo.

Chumba cha Giza: Itafaa hiyo hiyo, limfoma kali kwenye CT ya hivyo mara nyingi inaonekana nyeupe kuliko ubongo. CD ipande basi la leo.

Bint Chumbageni: Na kiwanja uliuza?