Naomba ushauri: kufunga minyororo ya mpira kwenye kigari cha asali, Urambo

Mwana Usoke: Wakuu, habari za jioni. Nina Polaris Ranger, kigari cha magurudumu manne cha kubebea mizigo njia mbovu, natolea asali porini. Masika mbuga inakuwa ugali, kigari kinalalia tumbo. Nataka kung'oa matairi yote manne nifunge minyororo ya mpira, kama ya katapila. Mkanda wa klachi, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, utahimili? Usingizi sipati.

Fundi Cheyo: Utahimili ukitembea gia nzito, ila utachoka mapema kuliko kwa tairi. Mnyororo unatandaza uzito, ndiyo maana hauzami. Mwendo unapungua, usukani unakuwa mzito. Toka ghalani hadi kwenye mizinga, ardhi ngumu ni kiasi gani?

Mama Ndoo: Sisi Kaliua ni mkokoteni wa ng'ombe tu. Mwaka mmoja dume letu jekundu liligoma katikati ya maji, tukalala juu ya ndoo za asali, nyuki nao wametufuata!

Mwana Usoke: Pole mama. Fundi, mimi nauliza mkanda tu.

Fundi Cheyo: Na mimi nauliza njia.

Mwana Usoke: Sawa. Changarawe kavu kilomita 38, mbuga kama 4. Halafu kigari ni cha kikundi, na nusu ya bei nimeshalipa kwa hela ya kikundi. Wenzangu sijawaambia. Lakini msimu uliopita ndoo zilibaki porini, mngefanyaje? Nitaendesha taratibu.

Mzee wa Kikao: Mwanangu, mali ya kikundi haiguswi bila kikao. Na Ugalla usiingie, ni hifadhi ya taifa tangu 2019.

Mwana Usoke: Mizinga iko msitu wa kijiji, mzee.

Fundi Cheyo: Changarawe itachemsha mpira na kula meno yake. Kigari kilale ukingoni mwa mbuga, ndoo zipokelewe na pikipiki.

Jicho Kavu: Mnachoshwa bure. Huyu anauza minyororo, anapima soko. Weka picha!

Bodaboda Mwanahiari: Kama ni kweli, mimi wa kupokea ndoo nipo 😂

Mwana Usoke: [picha] Gurudumu la mbele kushoto hilo.

Jicho Kavu: Majani mabichi hivyo, na sasa ni Agosti?

Mwana Usoke: Ya Februari hiyo, kaka. Siuzi chochote.

Fundi Cheyo: Kuzeni picha. Mpira unaofunika jointi ya dravshafti, ule mhimili unaozungusha gurudumu, umechanika, grisi imetapakaa hadi kwenye rimu. Tope likishaingia humo jointi inasagika, na mnyororo utaimaliza. Badilisha hiyo kwanza, na kikao ukiite kabla hujalipa nusu iliyobaki.

Mwana Usoke: Mpira huo Tabora mjini unapatikana?