Naomba ushauri: nilisoma siri ya mgonjwa mbele ya chumba kizima

Wapendwa, niko kwenye staji (mafunzo ya kazini) ya udaktari hapa Bukavu, Kongo. Jumanne asubuhi, wakati wa kuzungukia wagonjwa, tulikuwa wanafunzi wanane kando ya kitanda kimoja. Daktari akaniambia nieleze hali ya mgonjwa. Nikafungua fishi (rekodi ya mgonjwa), nikasoma kwa sauti mpaka majibu ya kipimo cha VVU. Mama wa kitanda cha pili akaacha kukoroga uji wake. Mgonjwa akavuta kitenge, akajifunika uso.

Sheria naijua: kifungu cha 73 cha Kodi Penali (sheria ya makosa ya jinai) ya Kongo kinamwadhibu anayetoa siri aliyoipata kikazi, na sheria ya 2008 inawalinda wenye VVU. Kuijua hakukunizuia. Tena mgonjwa na yule mama wa kitanda cha pili wote wanakaa Kadutu, komine moja ya hapa Bukavu.

Nimwendee nimwombe radhi, au nitamwongezea aibu? Yule jirani yake nimwambie nini? Na daktari nitamwombaje kwa heshima majibu kama hayo tuyajadili ofisini? Kwenye korido hapana, ndugu wa wagonjwa wamejaa pale. Mliopitia hili, nisaidieni tafadhali. Kesho narudi chumba kile kile.