Wakuu, hivi vineno vya Kisunda (mah, téh, atuh) mtu mzima anavizoeaje?

Mgeni_Bandung: Habari zenu wakuu. Niko Bandung, Indonesia, nasoma, Kiindonesia nakimudu vizuri tu ila mtaani ni Kisunda mwanzo mwisho, na hata wakiongea Kiindonesia wanachomekea mah, teh, atuh, da, euy kila kona. Misamiati napambana nayo, shida ni hivi vineno, ukiuliza unaambiwa ni vya kutia mkazo, sasa vyote mkazo, mkazo gani na saa ngapi? Nikiviacha naeleweka lakini naongea kama nasoma taarifa ya habari, na mimi nataka nipige stori na mama mwenye nyumba kama watu. Naombeni njia.

kipanga77: Pole mkuu. Ugumu ni kwamba ukivitoa maana haiharibiki, kwa hiyo akili ya mtu mzima inaviruka inakimbilia maneno mazito. Mtaalamu wa isimu Richard Schmidt aliandika mwaka 1990 kwamba kwenye lugha ya pili usichokitilia maanani hakikuingii, ndo maana mtu anaishi huko miaka na bado havisemi. Shika kimoja usikilize hicho tu. Anza na mah, kazi yake kutenganisha: "Abdi mah ti Tanzania" ni mimi kwa upande wangu natoka Tanzania, wengine wametoka kwingine, ukiisema wakati hakuna wengine anayekusikiliza anabaki anajiuliza unajitofautisha na nani. Téh inashika kitu ambacho wote mshakiona, "Ieu téh naon?", hiki hapa ni nini.

Binti_Mkwakwani: Kimoja kimoja mimi hapana. Nilikaa Jatinangor, hapo jirani na Bandung, vilinikaa kwa vipande vizima, sok atuh (haya basi), hayu atuh (twende basi), kumaha atuh (sasa inakuwaje), unameza na sauti yake jinsi inavyopanda na kushuka, uchambuzi unakuja wenyewe baadaye. Halafu sisi Waswahili tuna bahati jamani, atuh ya kuhimiza iko karibu na basi ya "njoo basi", geuning ni kumbe kabisa, cenah inakaribiana na eti. Ila eti yetu mara nyingi ina shaka ndani, cenah unaweza kuileta unafikisha tu maneno ya mtu.

mzee_wa_lugha: Kijana, euy ni ya marika, usimpelekee mama mwenye nyumba. Kwa mkubwa unatumia lemes, yaani Kisunda cha heshima, na humo mah, téh na atuh vinabaki palepale, kinachobadilika ni maneno mengine. "Hatur nuhun nya, Bu", asante mama, inatosha kabisa kuanzia.

Mgeni_Bandung: Shukrani sana mzee wangu, na dada pia. Na da je? Hiyo ndo inanichanganya kuliko zote.

Binti_Mkwakwani: Da inaleta sababu ambayo unaona mwenzio hataipinga. "Moal indit, da hujan", siendi, si unaona mvua. Hiyo ya washikaji lakini, kwa mama badilisha hilo indit (kwenda), weka neno la heshima. Ukiwa nao sikiliza wanapokataa kitu au kujitetea, utaisikia mpaka uchoke.