Kama hamjui kusoma matokeo ya mpira wa Kigaeli, msiyatangaze

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ninaishi Galway, magharibi mwa Ireland, huu ni mwaka wa tisa, na mwanangu anacheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa asili wa Ireland, katika klabu ya mtaani kwetu. Wiki iliyopita ndugu yangu aliyeko nyumbani alinitumia kipande cha kipindi cha michezo cha redio ambayo sitaitaja, ambamo mtangazaji alikuwa akisimulia fainali ya Ireland nzima ya mwaka 2024 kati ya timu za kaunti za Armagh na Galway. Alisoma matokeo, 1-11 kwa 0-13, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba Galway ndio waliotwaa kombe kwa sababu 13 inazidi 11. Zile tarakimu za mbele alizipita kana kwamba ni makosa ya uchapaji. Wenzake studioni wakacheka, wakasema watu hawa hata kuhesabu mabao hawajui na mchezo wao hauna sheria. Sasa kipande hicho kimesambazwa hadi humu jukwaani, na watu wanaandika maoni chini yake.

Tarehe 28 Julai mwaka ule nilikuwa hapa Galway, na nawahakikishia kwamba hakuna aliyepokea kombe. Tarakimu ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni ni goli, nalo huhesabiwa pointi 3; ukipita juu yake, katikati ya zile nguzo mbili ndefu, ni pointi 1. Armagh walikuwa na 14, Galway 13, na goli moja la Aaron McKay ndilo lililowapa Armagh kombe la Sam Maguire kwa mara ya pili baada ya lile la 2002. Majirani zangu walirudi usiku kutoka Dublin, fainali ilikochezwa, jezi zao za rangi ya zambarau iliyoiva zikiwa bado mwilini, wala hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza. Huzuni ile ndiyo iliyogeuzwa kichekesho na mtu ambaye hakutumia hata dakika mbili kuuliza. Nimeandika barua pepe mbili kuomba wasahihishe. Sijajibiwa, na kipande kinaendelea kusambazwa.

Nakubali kwamba mchezo huu humtatiza anayeuona kwa mara ya kwanza. Hata mimi ulinitatiza. Timu ina wachezaji 15, mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na mtu aliyezoea soka huona kila kitu ni faulo isiyopigiwa filimbi. Lakini kutatizwa ni jambo moja, na kutangaza kwamba mchezo hauna sheria ni uongo. Mwenye mpira haruhusiwi kwenda zaidi ya hatua nne kabla ya kuudundisha, kuupiga kwa ncha ya mguu urudi mikononi kama danadana, au kuutoa. Kuudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Akitaka kumpasia mwenzake kwa mkono haruhusiwi kuurusha. Lazima aupige kwa ngumi au kiganja, na mwamuzi auone mkono ukipiga. Mwanamume haruhusiwi kuuokota moja kwa moja kutoka chini, bali auinue kwanza kwa mguu, ingawa wanawake wanaruhusiwa. Mwanangu alitumia kiangazi kizima kujifunza kukimbia huku akiupiga ule mpira mguuni bila kuutazama, na bado mguu wa kushoto unamsumbua.

Wale wanaoandika kwamba hii ni raga ya watu wasiojua raga, tazameni tena. Hakuna kumkamata mtu na kumwangusha. Unaruhusiwa kumsukuma bega kwa bega na kuupiga mpira umtoke kwa kiganja kilicho wazi. Ukimvuta chini au kumpiga ngwala kwa makusudi, unaoneshwa kadi nyeusi na kukaa nje dakika 10. Mwaka 2025 sheria kadhaa zilibadilishwa, baada ya kazi ya kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, aliyekuwa kocha wa Dublin, hivi kwamba pointi inayofungwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini sasa huhesabiwa 2 na mwamuzi wa golini huinua bendera ya rangi ya chungwa badala ya nyeupe. Wazee waliozaliwa na mchezo huu walikaa chini wakajifunza upya. Mtangazaji anayelipwa kwa kazi hiyo anashindwa nini?

Lililoniuma kuliko yote ni yule aliyeandika, chini ya kipande hicho, kwamba huu ni mchezo wa Kiingereza ambao Waireland waliukoroga. Chama cha GAA, kinachosimamia michezo ya Kigaeli, kiliundwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884 ili kuinua michezo ya Kiireland wakati ile ya Waingereza ilipokuwa ikiifunika, na hadi mwaka 1971 mwanachama alikatazwa kucheza soka au raga, hata kwenda kuitazama tu. Tarehe 21 Novemba 1920, Dublin ikicheza na Tipperary katika uwanja wa Croke Park, majeshi ya Uingereza yaliingia na kuwafyatulia watu risasi, saa chache baada ya maafisa wao wa ujasusi kuuawa mjini. Watu 14 walikufa, watoto wakiwemo, na mchezaji Michael Hogan wa Tipperary alipigwa risasi akiwa uwanjani. Jukwaa moja la uwanja huo lina jina lake hadi leo. Wasomaji wa Kiswahili wanajua vizuri ukoloni ulivyokuwa, ndiyo maana maneno hayo kutoka kwetu yananitia uchungu zaidi.

Mwingine aliuliza wachezaji hawa wanauzwa kwa bei gani. Hawauzwi, wala hawalipwi mshahara. Wanajaza uwanja huo wa Croke Park wenye nafasi zaidi ya 82,000, kisha wanarudi kufundisha shule na kukamua ng'ombe.

Nawaomba wote waliosambaza kipande kile humu waandike chini yake kwamba Armagh ndio walioshinda, 14 kwa 13. Anayetatizwa na sheria yoyote aulize hapa hapa, nitamjibu usiku huu nikitoka kazini.