Mtu anasoma mswada wako ili akuzike mbele za watu. Mnamjua ninayemsema

Kalamu Butu:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, makosa mtanisamehe. Wasimamizi msiuhamishie uzi huu jukwaa la lugha, haya ni malalamiko.

Mswada wangu wa riwaya ulilala kabatini tangu 2019. Mwezi uliopita nimeutoa, mende wamekula pembe zote, nikasema safari hii naumaliza. Wiki tatu silali. Nimefuta "jua lilichomoza" 31, wallahi nimehesabu, riwaya nzima ilikuwa asubuhi. Nimehangaika na koma mpaka naziona zinatembea kwenye wali. Nikachapisha kurasa 240 kwa hela ya gesi. Sasa mke wangu anapikia mkaa na haniongeleshi.

Leo jioni nikampelekea yule bwana. Sitaji jina. Miwani ya kamba, kila kijiwe yumo, hajawahi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa ila kila kitabu ana neno. Barazani palijaa watu na kahawa zao. Hakuanza ukurasa wa kwanza kama binadamu. Akalowesha kidole, akafungua 163, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mama Tunu akaepua sufuria ya wali, akatabasamu." Akanyamaza. Akavua miwani. "Samahani ndugu mwandishi, huyu si tulimzika ukurasa wa 58?"

Muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga birika. Birika zima!

Na miwani alivua ya nini? Alikuwa ameshasoma. Si angeuliza nayo usoni?

Bi Chachandu:
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wali wa marehemu.

Babu Wino:
Huyohuyo? Mashairi yangu aliyapitia kwa kalamu nyekundu, karatasi zikarudi kama zimetoka buchani. Pole mkuu. Lakini Mama Tunu amekufa au hajafa?

Kalamu Butu:
Amekufa. Yaani 2019 alikuwa mzima. Niliporudi kwenye mswada nikaona sura ya nne imepoa, nikamuua mwezi uliopita ili watu walie. Huko mbele nikasahau kumtoa.

Ila hiyo ni sababu ya kuvua miwani?

Bi Chachandu:
Umemuua halafu unamtuma jikoni. Hata maiti wako hawapumziki.

Mtoto wa Stendi:
Swali dogo mleta mada. Kuna mhusika anasafiri kwenda mkoa? Anapandia wapi?

Kalamu Butu:
Ubungo. Kwani vipi?

Mtoto wa Stendi:
Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi 2021. Huyo jamaa yako bado yupo Ubungo na begi lake.

Kalamu Butu:
Mungu wangu. Na nauli ya daladala anampa konda 400.

Mtoto wa Stendi:
400! Hiyo peleka makumbusho.

Babu Wino:
Acheni ushamba. Kama kisa ni cha 2018, Ubungo ni sahihi na 400 ni sahihi. Abaki hukohuko, asichanganye tu.

Kalamu Butu:
Sura ya tisa wanavaa barakoa.

Babu Wino:
Basi mimi sina la kukusaidia.

Nukta Tatu:
Mkuu, kwa wema kabisa: chukua daftari, kila mhusika mpe mstari wake, anaingia ukurasa gani, anatoka ukurasa gani. Ukimuua mtu, tafuta jina lake kwenye faili zima, sehemu moja baada ya nyingine. Dakika kumi tu.

Kalamu Butu:
Asante, lakini hukuwepo. Hukuliona lile birika.

Bi Chachandu:
Kahawa ya watu nani kalipa?

Kalamu Butu:
Mimi.

Shangazi wa Posta:
Afadhali wewe ulisomwa. Mimi nilichapisha 200 stationari moja hivi, kijana hakuweka namba za kurasa. Nafika mlangoni, feni imewashwa kwa nguvu zote, karatasi zikaruka hadi kwa fundi viatu jirani. Mpaka leo sijui mwanamke wangu kaolewa kabla au baada ya kujifungua.

Mtoto wa Stendi:
Hahaha, baada. Iache baada, inauza.

Babu Wino:
Hao wa stationari ndio maadui wa taifa. Mimi flashi yangu ilirudi na virusi, kila faili limegeuka njia ya mkato.

Nukta Tatu:
Faili zipo, zimefichwa tu. Usiifute kwanza.

Babu Wino:
Nimeshaifuta.

Kalamu Butu:
Wakuu, turudi kwenye miwani.

Shangazi wa Posta:
Kuna mwenye printa iliyotumika, iwe nyeusi na nyeupe tu? Iwe inaweka namba za kurasa yenyewe.

Nukta Tatu:
Shangazi, namba haziwekwi na printa.

Shangazi wa Posta:
Zinawekwa na nani?

Mtoto wa Stendi:
Ninayo moja, inakula wino kama harusi. Njoo inboksi.